Nani aingie mlango wa wanawake? Njia tatu, mlango kwa mlango

Ukikaa Uingereza muda wa kutosha, swali hili litakufikia tu. Litakukuta kazini hospitalini, au kwenye kamati ya ukumbi mnaoutumia kwa harusi na hitima, au mlangoni kwako mgombea anapopita kuomba kura. Mwanamke transjenda, yaani mtu aliyezaliwa mwanamume na sasa anaishi kama mwanamke, atumie choo cha wanawake? Akiugua alazwe wodi gani? Akifungwa apelekwe gereza lipi? Na mwanamume transjenda, ambaye husahaulika karibu kila mjadala huu unapoanza, yeye aende wapi?

Wengi wetu hujibu kwa kumtazama aliyeuliza ni wa chama gani, au kwa kukumbuka tulichofundishwa madrasa au kanisani, kisha basi. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kwanza kuona njia zilizopo: kila moja inafanya kazi vipi, na inamtwika nani mzigo. Nitasema ninakoegemea, lakini kura ni yako.

Karatasi na mlango

Mambo mawili huchanganywa kila siku. La kwanza ni karatasi: dola ikutambue kuwa nani kwenye cheti cha kuzaliwa, ndoa na pensheni. La pili ni mlango: uingie chumba gani cha huduma. Nchi inaweza kulegeza karatasi na kukaza mlango, na ndivyo zilivyofanya baadhi.

Uingereza ilianza na karatasi. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua kwamba kumnyima utambuzi wa kisheria mtu aliyebadili jinsia ni kuvunja haki yake ya maisha ya faragha na haki yake ya ndoa. Bunge likatunga Sheria ya Utambuzi wa Jinsia ya 2004. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, alete uthibitisho wa daktari, aonyeshe kwamba ameishi miaka 2 katika jinsia yake mpya, na aape kuwa atabaki hivyo maisha yake yote. Ada ilikuwa pauni 140 mpaka 2021 iliposhushwa kuwa pauni 5. Pamoja na hayo, miaka 20 baada ya sheria kupitishwa, vyeti vya utambuzi wa jinsia vilivyotolewa vilikuwa takriban 8,500 tu.

Weka hesabu hiyo kando ya sensa ya Uskoti ya 2022, ambapo watu 19,990 wa miaka 16 na zaidi walijitaja kuwa transjenda, na hiyo ni Uskoti peke yake. Maana yake ni kwamba transjenda walio wengi hawana cheti hata leo. Sensa ya England na Wales ya 2021 ilitoa watu 262,000, ila hesabu hiyo ishike kwa tahadhari. Mitaa iliyoongoza kwa asilimia ilikuwa Newham na Brent, London, maeneo yenye wahamiaji wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na baadaye ofisi ya takwimu yenyewe ikaishusha daraja takwimu hiyo kwa sababu huenda baadhi ya watu hawakulielewa swali. Kwa hiyo mtu akikurushia namba kwenye mjadala huu, muulize kwanza imetoka wapi.

Mlango unatawaliwa na sheria nyingine, Sheria ya Usawa ya 2010. Inakataza ubaguzi kwa misingi 9, na ndani yake zimo jinsia na pia kubadili jinsia, kila moja kwa nafasi yake. Papo hapo inaruhusu huduma za wanawake peke yao au wanaume peke yao pale penye sababu ya maana: wodi, vyumba vya kubadilishia nguo, makazi ya waliokimbia kipigo. Kwa karibu miaka 15 watu waligombana kama mwenye cheti cha 2004 anahesabiwa mwanamke chini ya sheria hii ya 2010.

Kesi iliyokata mzizi haikuanzia chooni. Ilianzia kwenye sheria ya Uskoti ya 2018 iliyotaka nusu ya viti vya wajumbe wasio watendaji kwenye bodi za mashirika ya umma viwe vya wanawake. Kikundi cha For Women Scotland kikauliza: wanawake gani? Tarehe 16 Aprili 2025 majaji 5 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walijibu kwa sauti moja kwamba katika Sheria ya Usawa mwanamke ni aliyezaliwa mwanamke, awe mtu ana cheti au hana. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba sheria isingeshikika vinginevyo. Vifungu vya mimba na uzazi vinamhusu mwenye mwili wa kike, na mhudumu mlangoni hana namna ya kujua nani ana cheti na nani hana, maana cheti ni siri. Lord Hodge, aliyesoma muhtasari, alionya watu wasiuchukue uamuzi huo kama ushindi wa kundi moja juu ya jingine. Kinga ya transjenda dhidi ya kufukuzwa kazi, kunyimwa nyumba au kusumbuliwa imebaki palepale, jambo ambalo washangiliaji na waombolezaji wa siku ile wote walilisahau haraka.

Njia zenyewe

Ukiondoa kelele, njia ni tatu. Nimeziweka ubavu kwa ubavu, kisha tutazipitisha mlango mmoja mmoja.

| | Jinsia ya kuzaliwa | Tamko la mtu mwenyewe | Chumba cha mtu mmoja |
|---|---|---|---|
| Mifano | Uingereza kwa hukumu ya 2025. Majengo ya serikali Texas | Ireland tangu 2015 kwenye karatasi. Magereza ya California tangu 2021 | Jengo lolote lililopangiwa hivyo |
| Anayebeba mzigo | Transjenda | Mwanamke anayetaka faragha na wenzake wa kuzaliwa | Mwenye jengo na mlipa kodi |
| Mhudumu mlangoni | Hukisia kwa sura | Hana la kuuliza | Hana shughuli |
| Panapovuja | Mwanamume transjenda mwenye ndevu | Mwenye nia mbaya anayejitangaza | Jengo la zamani, bajeti ndogo |

Njia ya kwanza ina sifa moja kubwa: inaeleweka. Muuguzi, mwalimu wa kuogelea, mlinzi wa jengo, wote wanaijua bila kusoma mwongozo wa kurasa 80. Udhaifu wake upo kwenye kuitekeleza. Hakuna anayetembea na cheti cha kuzaliwa mfukoni, kwa hiyo mlangoni hutumika macho. Na macho humkosea pia mwanamke wa kuzaliwa aliye mrefu, mwenye nywele fupi na sauti nzito. Texas, ambako sheria mpya ilianza kutumika Desemba 2025, adhabu yake ni kwa taasisi: dola 25,000 kwa kosa la kwanza. Ukitishia taasisi hivyo, ujue mlinzi atawakagua watu kwa bidii, na si wote watakaokaguliwa ni transjenda.

Njia ya pili ilianzia Argentina mwaka 2012, Ireland ikafuata 2015. Mtu mzima anajaza fomu, anaapa, yamekwisha. Hakuna daktari. Bunge la Uskoti lilitaka hivyo hivyo Desemba 2022: umri ushuke mpaka miaka 16, muda wa kuishi kwanza katika jinsia mpya utoke miaka 2 uwe miezi michache, uthibitisho wa daktari uondolewe. Muswada ulipita kwa kura 86 dhidi ya 39, na kati ya waliopinga walikuwemo wabunge 9 wa SNP, chama kilichouleta. Mwezi uliofuata serikali ya London iliuzuia kwa kutumia kifungu cha 35 cha Sheria ya Uskoti, mara ya kwanza tangu sheria hiyo itungwe mwaka 1998. Kwa transjenda, njia hii inamaanisha kutohojiwa na jopo la watu wasiokufahamu kuhusu mwili wako. Kwa wapinzani wake, shida ni kwamba sheria isiyouliza kitu haina namna ya kumkataa mwongo.

Ujerumani imefanya jambo ambalo Waingereza wangefaa kulitazama zaidi. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 mtu anabadili jinsia kwenye daftari la serikali kwa tamko lake mwenyewe, akitanguliza taarifa ya miezi 3. Ila sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba haki ya mwenye nyumba kuamua nani aingie haijaguswa, mradi asivunje sheria za ubaguzi. Mwenye sauna ya wanawake, ambayo ndiyo iliyokuwa gumzo kubwa Berlin wakati muswada unajadiliwa, bado ana sauti mlangoni kwake. Karatasi imelegezwa, mlango umeachwa kwa mwenye mlango. Wakosoaji wa pande zote mbili hawakuridhika, na hilo kwangu si dalili mbaya.

Je, anaweza kuondoka?

Mijadala mingi hupima milango yote kwa kipimo kimoja. Mimi naipima kwa swali hili: mtu asiyeridhika na aliyemo ndani anaweza kuondoka? Kwenye choo cha stesheni anaondoka kwa dakika moja. Kwenye wodi baada ya upasuaji hawezi. Gerezani hawezi kabisa. Kadiri kuondoka kunavyokuwa kugumu, ndivyo kosa la sera linavyoumiza, awe anayeumia ni mwanamke wa kuzaliwa au transjenda.

Choo. Hapa ndipo panapopigiwa kelele nyingi kuliko panavyostahili. Choo cha umma cha Kiingereza cha kawaida ni ukumbi mmoja wenye vijumba vya mbao, mlango wake haufiki chini, juu pako wazi, na beseni la kunawa liko nje mnapochanganyika wote. Mwenye hedhi iliyomwagika kwenye nguo analazimika kutoka hadharani kuja kufua. Weka pembeni yake chumba kamili: kuta mpaka juu, kufuli ndani, beseni na kioo humo humo. Kanuni za afya kazini za 1992 zinasema wazi kwamba mwajiri hatakiwi kutenga vyoo vya wanaume na wanawake ikiwa kila choo ni chumba chake chenye kufuli la ndani. Shule za England nazo zina kanuni kama hiyo kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea. Kwa majengo mapya yasiyo ya makazi England, tangu Oktoba 2024 kanuni za ujenzi zinadai vyoo vilivyotengwa kwa jinsia, zinaruhusu vyumba kamili viongezwe kando yake, na penye nafasi finyu vyumba hivyo vinatosha peke yake.

Kwa choo basi, chumba cha mtu mmoja kinamaliza ugomvi. Kinakula nafasi, foleni inarefuka wakati wa mapumziko ya tamasha, na mwenye jengo la mwaka 1930 atalia gharama. Lakini hakuna anayeulizwa ni nani. Mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 9 anafaidika, na mzee anayesindikizwa na binti yake anafaidika.

Chumba cha kubadilishia nguo kazini. Hapa wasomaji walio wauguzi na wahudumu wa afya wakae vizuri, maana Waswahili ni wengi katika kazi hii. Kinadharia unaweza kuondoka, lakini ukiondoka utabadilishia wapi sare saa 1 asubuhi? Kesi mbili za wauguzi wanawake waliokataa kubadili nguo pamoja na mfanyakazi mwenza transjenda zilisikilizwa mwaka 2025, moja ya Fife huko Uskoti, nyingine ya Darlington kaskazini mwa England. Muuguzi wa Fife alishinda sehemu ya madai dhidi ya mwajiri Desemba 2025 na akashindwa sehemu kubwa. Madai yake dhidi ya mfanyakazi mwenza huyo, ambaye ni daktari, yalitupwa. Alichoshinda kilihusu jinsi mwajiri alivyoshughulikia malalamiko: hakusitisha ruhusa kwa muda baada ya kulalamikiwa, na uchunguzi ulichukua muda kupita kiasi.

Kwa hiyo ukiwa upande wowote wa kesi kama hiyo, andika barua mapema, omba mpango wa muda wa pande zote mbili, na usimalizie hasira zako kwa mwenzako ndani ya chumba. Mwenye wajibu ni mwajiri.

Wodi. England, hospitali inayomlaza mgonjwa kwenye wodi ya mchanganyiko bila sababu ya kitabibu iliwahi kuwekewa adhabu ya pauni 250 kwa kila mgonjwa kwa kila siku. Hapo hapo, mwongozo wa 2019 ulisema transjenda alazwe kulingana na anavyojitambulisha na anavyovaa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwa miaka, yakitegemea hekima ya msimamizi wa zamu. Hukumu ya 2025 imeivunja ndoa hiyo. Chumba cha peke yake ndilo jibu jepesi, na hospitali zenye vyumba vya peke yake vya kutosha ni chache. Bibi wa Kizanzibari aliyezoea kujistiri maisha yake yote ana haki ya kutolala na mwili wa kiume upande wa pili wa pazia. Mwanamke transjenda aliyeishi hivyo miaka 30, akiwekwa kwenye wodi ya wanaume akiwa hoi, hana hata nguvu ya kujitetea. Nikiwasikiliza wanaobeza moja ya hofu hizo, naona hawajawahi kulazwa.

Makazi ya waliokimbia ukatili. Jiko moja, bafu moja, usiku mrefu, na watoto wanaoshtuka wakisikia sauti ya mwanamume. Baadhi ya vituo vya Uskoti vilipokea transjenda kwa miaka mingi na vinasema havikuona balaa. Vingine vikaona lazima kuwepo pa kwenda kwa mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke wa kuzaliwa tu. Ndiyo sababu Beira's Place, kituo cha wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, kilifunguliwa Edinburgh Desemba 2022. Mwaka 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba kituo cha waathirika wa ubakaji cha mji huo huo kilimtendea isivyo haki mshauri aliyetaka mteja aambiwe jinsia ya atakayemhudumia. Hapa naona wingi wa huduma unasaidia kuliko sheria moja kwa wote: kituo hiki kiwe cha waliozaliwa wanawake, kile kiwe wazi zaidi, kila kimoja kikisema ukweli wake kwenye tangazo. Hili linawezekana Glasgow au Edinburgh. Kwenye mji mdogo wenye kituo kimoja, atakayekataliwa hana pengine pa kwenda.

Gereza. Huu ndio mlango uliobadili siasa. Mwaka 2017 mfungwa transjenda aliyekuwa na historia ya makosa ya ngono aliwekwa kwenye gereza la wanawake la New Hall, akawashambulia kingono wafungwa wawili. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha. Januari 2023, wiki chache baada ya bunge la Uskoti kupitisha muswada wake, mtu aliyepatikana na hatia ya kubaka wanawake wawili kabla ya kubadili jinsia alipelekwa kwanza gereza la wanawake la Cornton Vale, akitengwa na wenzake, kisha akahamishiwa la wanaume kelele zilipozidi. Picha yake ilikuwa kwenye kila gazeti. Waziri Kiongozi Nicola Sturgeon aliulizwa tena na tena kama mtu huyo ni mwanamke au mwanamume, na hakuwa na jibu lililotulia. Februari alitangaza kujiuzulu. Alitaja sababu nyingine, lakini sakata hilo lilimdhoofisha.

Sera ya England na Wales tangu Februari 2023 ni kwamba mwanamke transjenda mwenye viungo vya kiume, au mwenye hatia ya ukatili au ya ngono, hawekwi na wafungwa wanawake ila kwa idhini ya waziri. Lipo pia jengo la pekee ndani ya gereza la Downview, Surrey, kwa ajili yao. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Mahakama Kuu ilikuwa imesema sera ya kupima mfungwa mmoja mmoja ni halali, huku ikikiri kwamba hofu ya wafungwa wanawake ni ya kweli. Wengi wao wamewahi kupigwa au kubakwa kabla hata ya kufungwa.

Upande wa pili wa mlango huu tunaufahamu vizuri zaidi Kenya. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimpa fidia ya shilingi 500,000 mfungwa wa Kamiti aliyezaliwa huntha, yaani mwenye maumbile ya jinsia zote mbili, kwa sababu alivuliwa nguo na kupekuliwa kwa udhalilishaji mbele ya wengine. Mahakama ilikataa kutambua jinsia ya tatu, lakini haikukubali aibu ile. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 ikaja kumpa mfungwa huntha haki ya kuamua apekuliwe na mwanamume au mwanamke. Kisha Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ikaamuru serikali imlipe shilingi 1,000,000 mwanamke transjenda aliyekamatwa 2019 na kuvuliwa nguo akaguliwe rumande, na ikaitaka serikali ianze kutunga sheria inayowahusu watu kama yeye. Huntha na transjenda ni watu wa hali tofauti. Kilichowaunganisha ni mkono wa askari juu ya mwili usioweza kukimbia.

Michezo naipita haraka kwa kuwa si huduma, na wenye mashindano wamekwisha kuamua mengi wenyewe. Chama cha Soka cha England kilifunga mlango wa ligi za wanawake kwa wanawake transjenda tangu tarehe 1 Juni 2025. Neno moja tu: Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, waliotwaa fedha na shaba za mita 800 Rio 2016, hawakuwa transjenda. Kanuni za homoni zilizowafungia mbio hizo zilihusu wanawake waliozaliwa na tofauti za ukuaji wa kijinsia. Wanaowataja kwenye mjadala wa vyoo wanawaonea.

Kama unaendesha huduma yenyewe

Vikundi vyetu vingi vina saa ya wanawake ya kuogelea, darasa la ushonaji, au kisomo. Sheria inaruhusu huduma ya wanawake peke yao palipo na sababu ya faragha, na tangu hukumu ya 2025 maana yake ni waliozaliwa wanawake. Mkiamua kumkaribisha mwanamke transjenda, kwa mujibu wa hukumu saa hiyo haihesabiki tena kuwa ya jinsia moja, na mwanamume mwingine aliyezuiwa anaweza kulalamika. Na msidhani mwanamume transjenda mtamruhusu tu kwa kuwa kisheria ni mwanamke: majaji walisema wazi kwamba mwenye sura ya kiume kabisa anaweza naye kuzuiwa huduma ya wanawake, ikiwa wengine watashtuka kwa sababu ya msingi. Huyo akikataliwa pande zote mbili, ni lazima pawe na chumba cha tatu. Andikeni sera yenu nusu ukurasa, iseme ni ya nani, kwa nini, na asiyeingia aelekezwe wapi. Lugha iwe ya heshima. Usumbufu na matusi kwa mtu kwa sababu amebadili jinsia ni kosa la kisheria hata pale mlango wenyewe unapofungwa kihalali.

Ninakoegemea, na kura yako ilipo

Kwa milango ya dakika chache naona chumba cha mtu mmoja kinazidi njia nyingine zote, na fedha za kujengea ndizo zinazopaswa kugombaniwa. Kwa vitanda na magereza sioni kanuni moja inayomfaa kila mtu, ila historia ya ukatili dhidi ya wanawake iwe kizuizi bila mjadala. Mwanasiasa anayetaka jinsia ya kuzaliwa na hasemi transjenda aliyezuiwa aende wapi, amefanya nusu ya kazi. Anayetaka tamko la mtu mwenyewe na hasemi mwanamke aliyebakwa apate wapi chumba cha kupumulia, naye amefanya nusu. Muulize mgombea nusu iliyobaki, na muulize imetengewa kiasi gani kwenye bajeti.

Ila hakikisha unamuuliza anayehusika. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kihalali hupiga kura hata za bunge la London, kwa kuwa nchi zao zimo Jumuiya ya Madola, na huko ndiko Sheria ya Usawa inakoweza kubadilishwa. Kwenye uchaguzi wa 2024 Conservative waliahidi kuandika ndani ya sheria hiyo kwamba jinsia ni ya kuzaliwa. Labour waliahidi kurahisisha upatikanaji wa cheti huku wakibakiza uthibitisho wa daktari, na baada ya hukumu Keir Starmer akaipokea. Mkongo au Mrundi hana kura ya London kabla hajapata uraia. Lakini akiwa Uskoti na kibali cha kuishi, sheria ya 2020 imempa kura ya bunge la Edinburgh, na bunge hilo ndilo lenye hospitali, magereza, na fedha za makazi ya waliokimbia ukatili. Akiwa Wales anapiga kura ya Senedd, bunge la huko, lenye hospitali bila magereza. Sharti ni kujiandikisha kwanza. Fomu iko kwenye tovuti ya serikali na haidai uraia wa Uingereza.